Daftari la Mafuta

Muuzaji wa Ganjoni aliapa huku kashika kalamu:
lita moja, kilomita ishirini na mbili.
Akagonga boneti kama mtu agongaye tikiti maji
asikie kama limeiva.
Gari la watu saba, haibridi, jeupe,
limeshuka bandarini na harufu ya Japani,
na mwanamke ndani ya redio
atusalimuye kwa lugha tusiyoijua.
Hata leo Saumu humwitikia: marahaba.

Nikanunua daftari la kurasa tisini na sita.
Pale sheli, Mwachiro hujaza hadi bomba libofye,
nami hudakia, basi, usiongeze hata tone!
Naandika tarehe, kilomita, lita, bei,
nagawa juu ya usukani
na walio nyuma wananipigia honi.

Tangi la kwanza: kumi na nne nukta tisa.
Nikasema ni kiyoyozi.
Mwezi wa pili Mombasa, nani atazima kiyoyozi?
Tangi la pili: kumi na tano nukta moja.
Nikasema ni nazi za mama mkwe,
magunia mawili toka Msambweni,
gari limelalia nyuma kama kuku anayeatamia.
Tangi la tatu nikajaza upepo magurudumu yote manne,
nikafuta vumbi kwenye kipumulio cha betri
kilichojificha chini ya kiti, kimejaa makombo ya viazi karai,
nikamwambia Saumu apunguze vitabu.
Ana miaka tisa. Alinitazama
kama unavyomtazama mtu aongeaye peke yake sokoni.
Kumi na tano nukta nne.

Ndipo Mwanasha akalichukua kwenda arusi Malindi,
yeye, dada zake wanne na sufuria la biriani.
Akarudi usiku, akanipa risiti bila neno.
Nilipiga hesabu mara tatu.
Kumi na nane nukta sita.
"Waendeshaje?"
Alikuwa avua hereni mbele ya kioo.
"Siendeshi kitu. Nikiona taa nyekundu mbele,
mimi siikimbilii."

Nililala na sentensi hiyo.

Ijumaa, foleni ya Likoni.
Malori, mikokoteni, muuza korosho,
na sisi tunatambaa kwa betri,
kimya, kama paka aingiaye jikoni.
Injini imezima. Sindano imelala.
Nilikuwa nahesabu dakika za bure
niliposikia sauti ya Bi Mwanatumu kiti cha nyuma.
Gari lake la zamani lilinguruma,
alizoea kusema siri ndani yake.
"Mwanangu, mumeo ana nini?
Zamani alikuwa mtu wa kucheka.
Sasa yuahisabu matone
kama mgonjwa ahisabuye vidonge."
Mwanasha hakujibu.
Nilisikia kidole chake kikichora juu ya kioo.
Nilisikia Saumu akifungua ganda la pipi, taratibu,
kwa sababu hata yeye alijua
kuwa humo ndani kila kitu chasikika.
Nikatamani injini iwake.
Ikawaka yenyewe, kulisha kiyoyozi,
kama mgeni akohoaye kwa adabu mlangoni.
Nikakizima kiyoyozi. Nikashusha vioo vyote.
Likaingia joto, chumvi, kelele za makuli,
na mama mkwe akaanza kulalamika juu ya joto,
kwa sauti, usoni pangu, kama zamani.

Tangi lile lilitoka kumi na sita nukta tatu.
Sikulitafutia sababu.
Ndiyo gari letu, na watu wake, na nazi zake,
na daraja la Nyali saa kumi na moja jioni,
na mguu wangu wa kulia, ambao nao wajifunza.
Ile ishirini na mbili naiachia Ganjoni;
labda yuko mtu huko aishiye peke yake,
barabara tambarare, hana mkwe.

Jana Mwachiro aliniuliza, "Leo ngapi?"
kabla sijatoa kalamu.
Naye kanunua daftari.
Pikipiki yake, asema, yaenda hamsini na mbili kwa lita.
Sikumwamini.
Nikaegesha pembeni, nikamwambia alilete,
tukainama wawili juu ya hesabu.