Si Vya Kupika

Wiki ya nane vimelala kwenye friji,
chini ya maziwa, jirani na kipande cha papai,
ndani ya mfuko wa kaki nilioandika kwa kalamu nene:
SI VYA KUPIKA.
Elinami hasomi mifuko.
Jumamosi kimoja kilikwenda na mayai.
"Kitunguu gani hiki," akasema, "hakina hata machozi,"
akasukuma sahani,
akanywa maji glasi tatu.

Vililetwa na wifi Ndeanansia, ndani ya soksi,
kutoka nchi ambako ardhi hufungwa kama duka
hadi Machi.
Tulipu, alisema, haichanui mpaka ionje baridi,
baridi ya kweli, si hii yetu ya Julai
ya kuvaa sweta alfajiri na kuivua saa nne.
Theluji tunayo. Naiona toka dirisha la jikoni
mawingu yakipenda,
lakini imekaa kule juu na ukubwa wake,
haishuki Rau kumsaidia mtu.
Basi nimekuwa mwongo.
Kila nikifungua friji navinong'oneza:
bado, laleni, nje kumeganda.

Mwisho wa Oktoba nikavitoa.
Nikachimba nyuma ya karo, kwenye kivuli cha migomba,
kina cha kiganja, ncha juu.
Jembe likagonga kitu kama ngumi ya mtoto,
tunguu la zamani, halijapandwa na mtu.
"Hilo liache," mama mkwe akasema toka kibarazani,
"hilo ni la mvua."

Mvua ikaja Alhamisi, ikapiga mabati usiku kucha.
Jumatatu hilo lisiloalikwa lilikuwa limesimama,
kichwa chekundu, sindano mia,
bila jani, bila hodi.
Nani alilidanganya? Hakuna.
Lilisikia harufu ya udongo, likaamka.

Vyangu kumi na kimoja nikavingoja
kama anayengoja mgeni asiyejua njia.
Vikachomoza vitatu. Viwili vikaishia majani.
Kimoja, wiki moja kabla ya Krismasi,
kikafungua ua la manjano chini kabisa,
shingo fupi, karibu kulala udongoni,
kama aliyeitwa katikati ya usingizi
akaitika kabla hajainuka.

Elinami akachuchumaa na kikombe chake cha chai.
Akalitazama mpaka chai ikapoa.
"Huyu ndiye ndugu wa yule niliyemla?"
Ndiye.
Akavua kofia.