Uzi wa Dakika ya Arobaini na Moja

Katika filamu ya kwanza, uzi unaonekana.
Dakika ya arobaini na moja, pale birika linapopaa
kutoka jikoni kwa mjane wa ghorofa ya tatu
na kumfukuza karani wa kodi hadi ngazini:
tazama juu ya mfuniko, upande wa kushoto,
mshipi wa kuvulia samaki unameta kama ute wa konokono.

Mwisho wa mshipi ule alikuwapo shangazi yangu Halszka,
amelala chali chini ya sinki, studio moja ya Lodz,
kipupwe kile ambacho nyama ilipatikana kwa kuponi
na mzimu wetu, bawabu aliyekufa akagoma kuacha kazi,
aliwagombeza walio hai kwa viatu vyao vya tope.
Unga wa viazi usoni, shuka la hospitali mabegani:
ndiyo ahera yote tuliyoimudu.

Nilikuwa na miaka tisa. Viti vya mbao.
Birika lilipopaa, ukumbi mzima ukapiga kelele,
si "Mzimu!" bali "Halszka! Usivute sana!"
Hadi leo sijui kicheko kipi kilitangulia,
cha kwenye skrini au chetu.

Sasa wametoa ya pili. Miaka thelathini na minane.
Kipya kinyemi, wanasema, ingawa kidonda.
Nikamvika shangazi koti lake la manyoya bandia,
tukapanda tramu hadi jumba la maduka
ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha pamba,
na ndimo mama yake alimosokota nyuzi,
nyuzi kweli, za mkate.

Bisi kwa bei ya kuku. Viti vinavyolala.
Bawabu ni yuleyule, mzee Ksawery,
ila safari hii unga amepakwa na umri wenyewe.
Birika moja limezaa mabirika mia nne,
yanaruka juu ya paa za mji kama kunguru,
na kompyuta imeyapa hata mvuke,
hata kivuli cha mvuke.
Mzimu ana mjukuu, mjukuu ana simu,
na kila mzaha unapigiwa hodi kabla haujaingia.

Ya kwanza haikutwambia kwa nini marehemu hakulala.
Alikuwa na ufagio, basi.
Hii inatueleza: utoto wake, baba yake,
mlango uliofungwa usiku, fidla chini kwa chini.
Mzimu ukishaelezwa
ni jirani tu mwenye matatizo.

Nikamtupia jicho shangazi.
Kidole chake cha shahada kilikuwa kinavuta kitu hewani,
polepole, birika kwa birika,
mpaka kikachoka, kikalala pajani.
"Uzi uko wapi?" akauliza, kwa sauti.
Nyuma yetu mtu akasema shii.

Kisha, karibu na mwisho, mlango wa chumba cha makaa.
Ksawery alitakiwa kuufungua aingie.
Mlango ukakwama. Kweli ulikwama, nakuapia.
Akausukuma kwa bega, akaupiga teke,
akatoa tusi la mabawabu wa zamani
ambalo haliwezi kuwa limeandikwa popote,
akamtazama mtu aliye nyuma ya kamera.
Nusu sekunde. Wameiacha,
kwa uvivu au kwa werevu, Mungu awazidishie.
Mzimu mzima, kazuiwa na mlango!
Shangazi akacheka mpaka meno ya bandia yakalegea,
peke yake katika watu tisini,
halafu mimi.

Nje theluji ilikuwa imeshakuwa tope.
Nikamuuliza, ipi bora?
Akanitazama kana kwamba nimeuliza
kati ya miguu yake upi ni mguu.
"Ile ilinipa mgongo mbovu," akasema.
"Hii imenipa bisi."
Tramu ikachelewa. Akakung'uta viatu, kimoja, cha pili,
kwa utaratibu wa mtu anayeogopa kugombezwa.
"Jumanne wazee hulipa nusu," akasema.
"Nataka kuuona tena ule mlango."