Kabla Hujawasha

Kashindi, ufunguo huu hapa, lakini usiwashe kwanza.
Chuchumaa.
Matairi yapimwe yangali baridi,
kabla lami ya Mwanga haijayapasha.
Tairi la moto husema uongo kama mdaiwa:
unadhani limeshiba, kumbe limevimba tu.

Geji imo ndani ya soksi, chini ya kiti,
soksi ya shule ya Songoro, usiicheke.
Ikipotea, nunua. Usiazime ya Ntahondi,
ile yake iliangukia kwenye pipa la maji
na tangu siku hiyo, kwake, kila tairi ni thelathini.

La mbele, ishirini na nane. Usizidishe,
likikaza sana usukani unakuwa mwepesi
na kokoto moja tu ya Buzebazeba
itakuchagulia njia.
La kulia nyuma, thelathini na nne ukiwa na mzigo,
thelathini ukirudi mtupu.
Najua utasema: nani ana muda wa kutoa upepo?
Mimi nilikuwa nao.
Nilibonyeza sindano kwa ncha ya ufunguo huo huo,
likanisonya, nami nikalisonya, tukaenda.

La kushoto ndilo lenye tabia.
Hulala na thelathini na nne, huamka na thelathini na mbili.
Fundi amelivua mara tatu, kalizamisha kwenye beseni,
hakuona povu.
Akatia mate kwenye valvu,
tukainamia lile tone
kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.
Kimya.
Paundi mbili kila usiku, haijulikani zinakwenda wapi.
Usiulize. Zirudishe.

Pikipiki ikikosa upepo inakuambia mgongoni.
Guta linanyamaza,
linakuvuta upande mmoja, kidogo, kidogo,
kama mtoto aliyeshika pindo la kanga.

Mwaka juzi sikuzirudisha.
Wingu lilikuwa limekaa juu ya Simbo,
Bi Zawena ananihimiza, madumu kumi na mawili ya mawese,
nikasema, leo tu.
Kwenye kona ya kushukia Ujiji
guta likageukia kushoto kama mtu aliyeitwa jina lake.
Madumu mawili yalipasuka.
Mawese yakatembea barabarani, mekundu,
watoto wakakimbia wakidhani ni mimi.
Nililipa wiki saba.
Bi Zawena hajanisema hata neno moja mpaka leo,
na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa sikiliza la Jumanne.
Nesi alinifunga kitambaa mkononi,
akapampu, akapampu, akaachia taratibu,
macho yake kwenye mshale.
Akahamia mkono wa pili.
Nikamwambia, dada, nimepanda kilima, sijapoa.
Akasema, basi kaa upoe.
Nilikaa nusu saa kwenye benchi, chini ya picha ya chandarua.
Akapima tena.
Namba hakuitamka. Aliiandika kwenye kadi,
akaizungushia duara.

Miezi saba, Kashindi, na miguu imejaa:
ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki
linakutazama.
Akasema, guta basi, mpaka ujifungue.
Sikubishana.
Nani anabishana na geji?

Kwa hiyo ni wewe.
Jioni ukija na hesabu, usianze na pesa.
Utanikuta nimelala kwa ubavu wa kushoto, kama alivyoagiza.
Simama hapo mlangoni uniambie namba tatu,
mbele, kulia, kushoto,
nami nitakuambia yangu.
Halafu ndiyo tuhesabu hela.

Na vile vikofia vya valvu,
kaza kwa vidole tu. Koleo huvipasua.
Haya, washa.