Mkwaju Unapanda Ngazi

Uzito wake siujui. Mizani ya karafuu ilikataa kuupima:
karani alicheka, akasema, Bi Mize, hiyo si karafuu, huo ni mti.
Mkwaju wangu una miaka thelathini na moja
na haunifiki kiunoni.
Niliuotesha kwa kokwa iliyobaki kwenye gilasi ya futari,
hapa hapa Wete, mlango huu ukiwa bado wa kijani.
Nikaukata mizizi, nikaukatisha tamaa ya urefu,
nikauvisha waya wa shaba kama mwari anavyovishwa bangili.

Faki ndiye aliyekuwa akishika upande wa pili.
Sasa yuko Unguja, kwa mke mwengine,
ameshika upande mwengine kabisa.
Leo simlaumu. Leo nina ngazi sita.

Masika hayajaingia. Yakiingia, ua wangu huwa bwawa,
na mzizi ukilala majini siku tatu, unaoza kimyakimya.
Shaibu wa jirani akachungulia: Nije nikusaidie?
Mwaka jana alinisaidia. Aliushika shingoni kama jogoo.
Mti una kovu mpaka leo, na mimi nina nyonga.
Nikamwambia, ahsante baba, kasome.

Baba yangu alikuwa hamali bandarini.
Hakuturithisha shamba. Alituachia mgongo,
ulionyooka hadi siku alipoingizwa kaburini.
Akisema: Mzigo hauinuliwi, mwanangu. Mzigo hubembelezwa.

Basi siku mbili sikuumwagilia maji,
maana udongo mkavu hupunguza ubishi.
Nikatoa mawe ya pambo, moja moja, nikayatia sufuriani.
Nikajifunga kanga, nikavua kandambili.
Nikachuchumaa kama anayekalia mbuzi kukuna nazi,
miguu imeachana, mgongo wima kama alifu.
Shina ni la kutazamwa;
nilichokikumbatia ni chungu.

Wala sikuinua.
Niliinamisha pembe moja, nikapenyeza ubao.
Pembe ya pili, ubao.
Ubao juu ya ubao, kama anayejenga kitanda
chini ya mtu aliyekwisha lala,
hadi chungu kikalingana na ngazi ya kwanza.
Kisha gunia lililoloa maji ya sabuni,
kisha goti langu, si kiuno changu:
shwaa.

Ya pili, nikapumua.
Ya tatu, nikamtukana Faki, kidogo.
Kona ilipotaka kunisokota nikageuka mwili mzima,
nyayo kwanza, tumbo baadaye.

Ya nne, gunia likateleza.
Nikakiachia. Naam, nikaruka kando nikakiachia,
kwa sababu chungu hununuliwa
na nyonga haina duka.
Hakikuanguka.
Kilikaa ukingoni, kinafikiri,
nami nikakaa chini, ninafikiri,
mpaka moyo ukarudi kifuani mwake.

Ilipoadhiniwa magharibi tulikuwa ya tano.
Hapo mkwaju ukaanza kufumba majani,
jani kwa jani, kama ufanyavyo kila jioni,
bila kuuliza uko ngazi ya ngapi.
Mtoto akilala huwa mzito, kila mama anajua.
Huu ulilala ukawa mwepesi,
au ni mikono yangu iliyokwisha kufa ganzi.

Ngazi ya sita ni ya kesho.
Nimetia kabari mbili, nimefunga kamba kwenye nguzo,
nimeswali nimekaa kitini, Mungu ananijua magoti.
Yameanguka majani saba. Nimeyahesabu.

Simu ikalia. Faki,
anauliza kama mvua imeshafika Pemba.
Nikamwambia bado. Nikamwambia mti uko ngazi ya tano.
Akanyamaza. Umeupandisha na nani?
Nikatazama mbao, gunia, kanga yangu iliyoloa jasho.
Na baba, nikasema,
nikakata.