Chumvi Aliyotia Baba

Huku kwetu, kila msimu wa theluji, halmashauri hutia chumvi barabarani
ili watu wasiteleze hadi makaburini.
Baba naye alitia chumvi mezani, kila aliposimulia,
na sijui ni chumvi ipi iliyoila zaidi pikapu hii.

Nilifungua banda mwezi wa Aprili,
theluji ingali imefika kidevuni mwa dirisha.
Ford ya mwaka sabini na mbili. Panya walikuwa wamezalia kitini.
Sakafu ya dereva ilikuwa tundu:
ukikanyaga klachi, unakanyaga majani ya mwaka juzi.

Delbert Kangas, jirani, aliizunguka mara mbili,
akagonga bodi kwa kifundo cha kidole, vumbi jekundu likamwagika.
"Hapa hakuna gari, binti Urho.
Hapa kuna kutu inayokumbuka umbo."
Kisha akaenda kuleta mashine yake ya kuchomelea.

Boliti ya kwanza ilinila siku mbili.
Mafuta, moto, nyundo, tusi,
mafuta tena, na lile tusi la Kifini bibi alilowawekea kuku,
ndipo ikalia kii, ikageuka robo.
Robo tu. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Nikaanza kumjua baba kwa viraka vyake:
bawaba iliyofungwa kwa waya wa uzio,
bomba la moshi lililovishwa kopo la kahawa,
fyuzi iliyobadilishwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara
(angetuunguza sote tukienda kanisani).
Mtu huyu hakutengeneza kitu. Alikibembeleza.

Na hadithi zake!
Kwamba alivusha piano juu ya barafu ya ghuba, usiku,
barafu ikipasuka nyuma ya tairi kama mtu anayerarua shuka.
Kwamba kulungu dume alipanda nyuma mwenyewe, akashukia njia panda.
Kwamba alipoinunua ilikuwa njano, njano ya kiini cha yai,
"hata jua liliomba njia."
Tulicheka. Sisi tuliijua kijani. Kijani tangu tuzaliwe.

Juni nikaufikia mlango wa abiria na msasa.
Kijani kikatoka. Kikafuata kijivu.
Nikabadili msasa, nikachukua ulio laini,
na pale, chini ya kitasa, pakubwa kama ukucha wa kidole gumba:
njano.

Nilizima redio.
Kama njano ilikuwa kweli,
piano je? Na yule kulungu?
Miaka arobaini na kitu nimekata nusu ya kila alichosema,
kama mnunuzi aliyezoea kupunguziwa,
na leo deni ni langu, na mwenye duka kafa.

Sikuirudisha ilivyokuwa, nasema wazi.
Mbao za nyuma ni za sauna yetu ya zamani;
mvua ikinyesha bado zinanuka moshi.
Kiti nimekivisha blanketi la jeshi.
Nimeongeza kidato, inchi tisa tu toka ardhini,
maana magoti ya mama hayataki tena kubishana na kitu.
Tundu la sakafuni nimeliziba kwa kibao cha barabarani
kinachosema punguza mwendo
(usiniulize Delbert alikitoa wapi),
kwa hiyo mguu wangu wa kushoto sasa unaishi kisheria.
Kijani nimepaka upya, mikono mitatu.
Ile njano, chini ya kitasa, nimeiruka.

Jumamosi ikawaka. Ikakohoa, ikazima, ikawaka.
Mama akaja na mkoba wake kana kwamba tunakwenda mbali.
Akasimama mlangoni. Akaweka kidole palepale.

"Uliijua?"
"Njano? Niliichukia. Ni mimi niliyemwambia aifute."
"Na piano?"

Akapanda kidato, taratibu, akakaa, akavuta mlango.
Haukufunga vizuri. Haujawahi.
Akauvuta tena, kwa mikono miwili,
akatazama mbele, kule ziwani.
"Endesha kwanza," akasema.