Kioo cha Nne

Tongeren, Jumapili, saa kumi na mbili alfajiri.
Baridi ya Februari inauma masikio
na wachuuzi wa vitu vya kale wanapakua magari,
tochi midomoni, kama watu wanaoiba mali yao wenyewe.

Nimekuja na uzi.
Uzi wa sufu, mwekundu, wenye mafundo mawili:
fundo la upana, kutoka dirishani hadi bomba la jiko;
fundo la urefu, chini ya boriti ambayo Wannes
hujigonga kichwa kila Krismasi.
Dada yangu Lutgart amekuja na mdomo.

"Chukua hili," anasema, "linang'aa."
Linang'aa, ndiyo. Napitisha kidole nyuma yake:
mbao za kubandika, misumari ya juzi,
uzee wa kupakwa kwa brashi.
Jingine lina miguu ya simba na maua ya dhahabu;
nikiliweka jikoni kwangu, sisi ndio tutaonekana wageni.
Jingine nalifungua, nanusa:
panya, nta, sabuni ya mtu nisiyemjua,
na chini ya rafu unga laini, mweupe, wa leo.
Bungua bado wapo mezani.
Nafunga mlango taratibu, nisiwakatize chakula.

Kizuri chajiuza, watu husema.
Hili halikujiuza. Lilisimama nyuma ya magodoro,
limelipa soko kisogo,
mbao ya mjozi, rangi ya chai iliyosahauliwa mekoni,
bawaba za shaba, ufunguo umefungwa kwa kamba ya kiatu.
Vioo vinne. Nikavimulika kimoja kimoja, kwa ubavu,
jinsi baba alivyonifundisha kutazama mayai.
Cha kwanza kina mawimbi.
Cha pili kina kiputo,
pumzi ya fundi aliyekufa kabla bibi hajazaliwa.
Cha tatu kinaurefusha uso wa Lutgart,
kinaufanya mpole; nusura nikinunue peke yake.
Cha nne kimenyooka kabisa. Hakina kosa.
Ndicho chenye kosa.

Mwenye mali, Renaat, hakungoja niulize.
"Mwanangu. Mpira. Mwaka wa sabini na nne.
Nilimchapa, kisha nikalia, kisha nikaweka kipya.
Nakupunguzia euro arobaini kwa ajili yake."

Lutgart akanikanyaga mguu: dai themanini.
Lakini mimi nilikuwa mbali, nina miaka tisa,
kikombe cha mama mikononi, kisha mikono mitupu,
kisha vipande navifukia chini ya banda la sungura.
Vilikuwa kumi na viwili.
Kwa miaka arobaini na minane, kila Pasaka,
mama aliviosha, akavipanga, akavihesabu kwa sauti,
akafika kumi na kimoja,
akanyamaza,
akafunga mlango.

Nililipa bei kamili, bila kupunguziwa hata senti.
Lutgart hakusema nami hadi Hasselt.

Ngazi zetu zililikataa. Liliingia kwa dirisha,
likining'inia kambani juu ya barabara,
na mtoto wa jirani akaliona jua likivunjika mara tatu
na kupita zima mara moja.

Sasa vikombe vimekaa.
Nyuma ya mawimbi vinakunja viuno ukipita na sufuria.
Nyuma ya kioo cha nne nimeacha pengo:
unaona ubao, unaona jicho la mti, basi.
Wannes aliuliza kama kuna kimoja kinakuja.
Nikasema hapana. Akaendelea kumenya viazi.

Msimu wa viazisukari malori hupita usiku,
na kabati zima hutetemeka, kaure kwa kaure.
Nakaa gizani, sijavaa hata ndara,
nahesabu milio.