Sekunde Saba

Norayr hucheza kwa sekunde saba.
Hatua ngumu, saba. Hatua ya kitoto, saba.
Nimeanza kumhesabia kwa vidole
kama mdai.

Toka dirishani kwangu, hapa Gyumri,
naiona taa yake ng'ambo ya barabara, juu ya theluji.
Miaka thelathini tulicheza kwa kete za mbao,
farasi mmoja hana sikio.
Nilipoacha malkia wazi, alikohoa.
Hakusema neno. Alikohoa tu,
akalikodolea macho birika la kahawa
mpaka nikairudisha kete.

Tangu goti limfungie ghorofa ya nne
twacheza simuni,
naye hakosei.
Jana usiku nilimeza aibu, nikaiuliza mashine
hatua zake thelathini na moja.
Ishirini na tisa, nayo ingecheza vivyo hivyo.
Zile mbili nilizikumbatia hadi alfajiri.

Leo nimemweka malkia njiani makusudi,
peke yake, bila mlinzi.
Nikazima redio, eti nisikie.
Moja. Mbili.
Kule taa haikutikisika.
Saba.
Akamla.

Nikamwandikia: Umeniweza, ndugu yangu.
Akajibu: Siku hizi akili yako iko wapi?

Kesho nitazipanda zile ngazi, mkate wa moto mkononi,
ubao kwapani.
Nitaanzaje kumwambia, sijui.
Nitapanga kete, nitampa nyeupe,
nimtazame anavyoshika farasi asiye na sikio.

Huenda safari hii
nikakohoa mimi.